Kabla Hujatoa Kitu Ndani

Malipo ya korosho yakianza kuingia, mafundi wa jipsamu mjini Masasi hawapatikani kirahisi. Kijana aliyepanga chumba na sebule chini ya mlima Mkomaindo, au mtumishi aliyehamishiwa Newala akapata nyumba mpya ya vyumba viwili vidogo, anachokitaka siku hizi kinafahamika: kuta nyeupe, sakafu ya vigae, runinga ukutani, kochi moja la kijivu, na pembeni chungu kimoja chenye ua la plastiki. Basi. Picha ameiona kwenye simu, na fundi naye anaoneshwa picha hiyo hiyo. Kabati la vyombo alilopewa na mama linarudishwa kijijini. Mapipa ya maji yanauzwa. Kinu, ungo, mikeka na mbuzi ya kukunia nazi vinatolewa nje, na mnunuzi wa vyuma chakavu akipita anaondoka na masufuria ya zamani pamoja na cherehani ya marehemu bibi.

Sina ugomvi na mtindo wenyewe. Wengi wetu tumekulia kwenye sebule zilizojazwa makochi hadi mlangoni, kila kochi na kitambaa chake cha kufuma, mtoto hana pa kupita wala mgeni hana pa kuweka miguu. Nyumba ndogo yenye vitu vingi hufuga mende na panya, huzuia hewa, na joto la Masasi la Oktoba na Novemba halihitaji msaada. Anayepunguza vitu katika nyumba kama hiyo anafanya jambo la akili. Mimi mwenyewe nikizitazama zile picha moyo hunivuta, kwa hiyo msomaji asidhani namnyooshea kidole nikiwa nimesimama mahali salama. Ninachotaka kukisimulia ni kisa kilichotokea hapa hapa kwetu, kwenye njia hii hii kati ya Masasi na Newala, ambacho wengi hatukukisikia kwa wazee.

Julai 1906 alifika Masasi Mjerumani mmoja, Karl Weule, kutoka makumbusho ya mji wa Leipzig. Septemba alikuwa amekwisha kupanda uwanda wa Makonde na kupiga kambi Newala, akakaa mpaka Oktoba, kisha akaenda Mahuta. Alisafiri na askari na wapagazi. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti, na hata mashine ya kupiga picha za sinema, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kigeni kwa watu wengi wa Ulaya kwenyewe. Kazi aliyotumwa ni kuchunguza maisha ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, na kukusanya vitu vyao.

Vitu gani? Vya ndani. Msafara mzima ule, pamoja na askari wake, ulikuwa unatafuta vile ambavyo leo kijana wa Mtwara angevitia kwenye kiroba siku ya kuhama. Alifuatilia jinsi mwanamke anavyofinyanga chungu bila gurudumu, jinsi gome la mti linavyopondwa likawa nguo, jinsi moto unavyopatikana kwa kupekecha vijiti. Aliwapiga picha akina mama wenye ndona, lile pambo la mdomo wa juu. Alifuatilia ngoma na vinyago. Alijali hata vitasa vya milango. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, mama ambaye baadaye alifundisha Kiswahili huko London. Ndani yake mna mchoro wa kufuli na ufunguo wa Kimakonde alivyovikuta kwa Jumbe Chauro. Kufuli ya kienyeji, ya nyumba ya kawaida ya uwandani. Leo ukitaka kuona jinsi ilivyofanya kazi, itabidi ufungue kitabu cha Mjerumani.

Tuwe waangalifu kabla hatujawalaumu waliouza. Tazama mwaka. Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walikuwa wameichoma misheni ya Masasi, ile iliyoanzishwa na Askofu Steere mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Vita ile ilizimwa kwa mabavu na kwa njaa katika kusini nzima. Kodi ya Mjerumani ilidaiwa kwa fedha, na fedha, yaani rupia na heller, haikuota shambani. Mtu aliyepitia hayo akitokewa na mgeni mwenye sarafu mkononi, anayeuliza bei ya kikasha cha ugoro, utamlaumu vipi? Huenda mimi na wewe tungeuza na mlango.

Hata hivyo dalili zilikuwepo, na ndizo ninazotaka tuzitazame kwa makini, kwa kuwa zinajirudia mbele ya macho yetu.

Dalili ya kwanza ilikuwa mnunuzi mwenyewe. Mtu asiyepika kwa chungu chako, asiyelala ndani ya nyumba yako, anakitaka chungu chako na kufuli ya mlango wako. Mwenye kununua jembe analima, hilo halina fumbo. Lakini mwenye kununua kitu asichokuwa na haja ya kukitumia ameona ndani yake thamani nyingine, na mwenye nyumba alipaswa kusita hapo, amuulize: wewe unakiona nini? Hadi leo wakusanyaji wa vinyago duniani hukipenda zaidi kinyago kilichochezewa ngoma, chenye jasho na michubuko, kuliko kile kilichochongwa jana kwa ajili ya duka. Kitu chakavu kikipata mnunuzi mwenye haraka, ni wakati wa kukirudisha ndani na kufikiri.

Dalili ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuiona. Fundi alikuwa bado hai. Mtu anapouza kufuli ilhali fundi wa kufuli ni jirani yake, hahisi kwamba amepoteza kitu, maana nyingine itatengenezwa wiki ijayo. Baadaye kufuli za chuma zinaingia madukani, fundi anakosa wateja, mwanawe anakwenda kutafuta kibarua mkongeni, na siku ya mazishi ya mzee hakuna anayekumbuka kwamba pamoja naye kinazikwa na kiwanda. Hasara ya namna hii haina tarehe. Ndiyo maana hakuna anayeililia.

Ya tatu ilikuwa wingi. Kitu kilichomo katika kila nyumba huonekana hakiwezi kuisha. Ungo uko kila mahali, kinu kiko kila mahali, kwa hiyo wa kwangu ukitoka pana shida gani? Kila nyumba ikisema hivyo ndani ya kizazi kimoja, kijiji kizima kinabaki mikono mitupu bila hata mtu mmoja kuhisi kwamba alifanya uamuzi mkubwa.

Usidhani kwamba vitu alivyokusanya Weule vilipata amani ya kudumu huko vilikokwenda. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943 ndege za Waingereza ziliupiga Leipzig kwa mabomu, jumba la makumbusho likaungua, na sehemu ya mikusanyo yake ikateketea. Mtu hujifariji akisema kitu kiko salama kwa Wazungu. Mara nyingine kiko, mara nyingine hakipo.

Kisa hiki kina mkia, na mkia wake uko karibu zaidi na wakati wetu. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, na miongoni mwa vilivyoibwa kilikuwemo kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa Paris na makumbusho ya watu binafsi ya Barbier-Mueller, ya mjini Geneva. Mwaka 1990 profesa wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akatoa taarifa kwamba kile ni cha Tanzania. Ungefikiri kingerudi mwaka huo huo. Makubaliano ya kukirudisha yalitiwa saini Paris tarehe 10 Mei 2010. Miaka 20 ya barua na vikao kwa ajili ya kipande cha mti mwepesi, ambacho pengine kilianza maisha yake kikining'inia gizani katika nyumba ya mtu, kikisubiri vijana watoke jandoni.

Sasa rudi kwenye ile picha iliyo kwenye simu yako. Ikuze kidogo. Ule ukuta mweupe uliokuvutia, mara nyingi una kitu kimoja juu yake au mbele yake: kigoda cha kuchongwa, kikapu cha ukili, kinyago. Mpambaji wa nyumba hiyo ya pichani ametoa mia akabakiza kimoja, na kile kimoja amekilipia fedha nyingi kwa sababu kimezeeka. Sisi tunaiga ukuta halafu tunakitupa kile kitu kilichoupa ukuta uzuri wake, tukakijazia nafasi ua la plastiki kutoka Kariakoo. Hapa ndipo tunapojikwaa, na tunajikwaa tukiwa tumelipa gharama zote za fundi.

Mama wa Kijapani aliyeueneza sana mtindo huu wa kupunguza vitu, Marie Kondo, hakufundisha watu kutupa kwa pupa. Katika kitabu chake kilichotoka Japani mwaka 2011 anamtaka mtu ashike kila kitu kwa mikono yake, kimoja kimoja, ajiulize moyo wake unasemaje, na kile anachokitoa akishukuru kwanza. Ni kazi ya siku nyingi, na wanaoiga huruka hatua hiyo. Kisha mwanzoni mwa 2023, akiwa na watoto watatu, yeye mwenyewe alikiri kwamba nyumba yake haiko nadhifu kama zamani. Nilimpenda zaidi niliposoma hayo.

Nyumba za Kijapani pia zina sababu zao. Ile ni nchi ya matetemeko ya ardhi, na kabati refu lililojaa vyombo usiku wa tetemeko huweza kumuua aliyelala chini yake. Kuwa na fenicha chache na fupi ni busara ya mahali pale. Swali la kujiuliza Newala ni hili: sisi ardhi yetu inatudai nini?

Inatudai maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga na udongo mwekundu unaomeza mvua yote. Hakuna mto unaopita juu yake. Weule aliwaona wanawake wakiteremka mabondeni na vyombo vichwani na kupanda tena, naye akaeleza kwamba watu walikubali adha hiyo ili wakae mbali na wavamizi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaanzisha mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni kuja juu. Baada ya uhuru serikali yetu na wafadhili, Wafini wakiwemo, waliweka mabomba, visima na pampu. Leo maji ya uwandani hupandishwa kutoka Mitema, na Masasi hupata ya Mbwinji. Ni kazi kubwa na tunashukuru. Lakini maji yanayopandishwa na mashine husimama mashine ikisimama, umeme ukikatika, au bomba likipasuka. Kila mwenyeji analijua hilo. Ndiyo maana nyumba za Newala zina visima vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na ndiyo maana bibi hakukubali pipa lake liguswe.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne. Kila mtu akitumia lita 20 kwa siku, kiwango cha kubana sana, ni lita 80. Pipa la lita 200 linawavusha siku mbili na nusu, na kwa upana halizidi sentimita 60. Mpangaji anayeuza pipa hilo ili kona ionekane tupu ameuza siku mbili na nusu za utulivu wa nyumba yake. Bomba likikata, kona ile itajaa madumu ya njano ya kuazima, sebule ikae vibaya kuliko ilivyokuwa kabla ya fundi. Mama mwenye nyumba akikuambia mapema kwamba maji hapa hutoka kwa zamu, na dalali akaharakisha kukuonesha vigae, msikilize mama.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho naona kinatupwa bila kufikiri: ule mkanda wa rangi ya mafuta, wa kijani au kahawia, ambao wazee wetu walipaka kutoka sakafuni hadi kiunoni. Vijana wanaucheka, wanasema ni wa zahanati. Wazee walipaka pale kwa sababu vumbi jekundu na mikono ya watoto hukaa pale, na rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ukuta mweupe wa rangi ya maji hauoshwi. Baada ya msimu mmoja wa upepo wa Newala unakuwa na rangi ya chai. Unaweza kuupaka mkanda huo rangi nyeupe ya mafuta ukawa na usafi na umaridadi pamoja. Hayo ni maarifa ya zamani.

La hatari kuliko yote ni matundu ya hewa. Nimeona nyumba ambamo fundi ameziba matundu ya juu ya ukuta ili jipsamu ikae sawa, na ndani ya nyumba hiyo hiyo watu wanapikia jiko la mkaa umeme au gesi inapoisha. Moshi wa mkaa unaweza kuonekana umekwisha, makaa yakawa mekundu na mazuri, huku hewa ya kaboni monoksaidi ikijaa chumbani. Haina harufu wala rangi. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasikia usingizi, akalala asiamke. Tafadhali, fundi akikuambia matundu yanaharibu sura ya ukuta, mwambie aache sura iharibike.

Basi mtu mwenye chumba na sebule afanyeje? Naweza kusema tu ninavyoona mimi. Ahamie kwanza, akae miezi kadhaa kabla ya kuita fundi, mpaka bomba limekata mara kadhaa na mvua imenyesha. Nyumba yenyewe itamweleza inataka nini. Pipa liwekwe karibu na jiko au choo, lifichwe kwa pazia zito au kabati lisilo na chini. Kitanda kiwe na droo, benchi liwe na mfuniko, ili vilivyobaki vipate pa kulala. Seremala wa Masasi anaweza kuvitengeneza kwa mninga, na vitadumu kuliko vile vya mbao za kusaga vinavyovimba vikiguswa na maji. Vinavyojirudia ndivyo vitoke: masufuria manane ya ukubwa mmoja, viti vya plastiki vilivyovunjika, sahani za zawadi zisizofunguliwa, runinga ya mgongo iliyokufa. Hapo utashangaa nafasi iliyopatikana bila kugusa kitu hata kimoja cha bibi.

Vya bibi visubiri. Mpigie simu shangazi au mjomba, umuulize kile kikasha ni cha nani, kilitoka wapi, kilifanya kazi gani. Andika jibu kwenye karatasi uiweke ndani ya kitu chenyewe, maana kitu kisicho na habari yake ni nusu ya kitu. Kisha chagua kimoja, ukipe ule ukuta mweupe. Vingine mpelekee ndugu mwenye nafasi kijijini, kwa maelewano kwamba haviuzwi bila ukoo kuambiwa. Mwenye kinyago cha midimu, ile ngoma ya vinyago, au chombo cha jando asikipambe sebuleni kabla ya kuwauliza wazee, kwani vingine havikutengenezwa ili vionwe na kila macho. Tamasha la MaKuYa pale Mtwara, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, limeonesha kwamba wapo wanaovijua na wanaofurahi kuulizwa.

Na fanya hivyo mapema. Msimu wa korosho ukifika, wanunuzi wa vyuma chakavu na wa vitu vya kale huzunguka vijijini pamoja na wafanyabiashara wengine, na wazee wetu wakiwa peke yao nyumbani huuza kwa bei ya kilo mbili za sukari. Ukipata nafasi mwisho wa wiki hii, nenda Newala, nenda Kitangari, nenda kwenu popote pale, uwaambie wasimpe mtu kitu mpaka mmekaa pamoja.